Waliopanda Meli na Waliobaki: Je, Mungu Anawaangalia Wenye Haki?

Masomo: Luka 13.1-5, Matendo ya Mitume 12.1-11, Zaburi 91



Kuna swali linalozunguka katika kila kilio hapa kwetu Kalima. Shimo la kasiterite limeanguka; vijana wawili wametoka, mmoja amebaki chini. Kabla jeneza halijafika kaburini, watu wameanza kunong'ona: huyu alifanya nini? Siku ya Mungu inafika, na wale wawili wanasimama mbele ya kanisa kutoa ushuhuda: Bwana amenitetea kwa sababu ninaomba. Tunapiga makofi, tunapiga vigelegele. Lakini mama wa yule wa tatu ameketi kwenye benchi la nyuma. Yeye pia aliomba. Alifunga siku tatu.

Swali hili si la leo. Watu wa Israeli, ambao kwao tulipokea Zaburi na Manabii, wamelichimba kwa miaka zaidi ya elfu mbili: je, Mungu anamwangalia mwenye haki mmoja mmoja, kwa jina lake? Na kama anamwangalia, mbona ngazi inavunjika chini ya miguu yake? Leo ninataka tupite katika historia yao, kwa sababu sehemu ya historia hiyo iliandikwa hapa hapa katika nchi yetu ya Kongo, na wengi wetu hatuijui.

Watu wa kisiwa cha Rhodes

Karibu na pwani ya Uturuki kuna kisiwa kinachoitwa Rhodes. Wayahudi wengi wa kisiwa hicho walikuwa wazao wa wale waliofukuzwa Hispania mwaka 1492. Miaka mia nne baadaye bado walikuwa wakizungumza Kihispania cha mababu zao nyumbani. Walikuwa na sinagogi lililojengwa mwaka 1577, na bado lipo hadi leo. Kisiwa kilikuwa chini ya Waturuki, kisha mwaka 1912 Waitalia wakakitwaa.

Maisha yalikuwa magumu, na kazi ilikuwa haba. Vijana wakaanza kuondoka kutafuta riziki. Wakati huo Katanga ilikuwa inafunguliwa: Union Minière iliundwa mwaka 1906 kwa ajili ya shaba, na reli iliyotoka kusini ikafika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Vijana wa Rhodes wakaifuata reli hiyo. Hawakuja na mali. Wengi walianza kama wauza duka wadogo, wakiuza vitambaa, chumvi na vyombo. Aliyefaulu aliandika barua kumwita ndugu yake, ndugu akamwita shemeji, shemeji akamwita jirani. Ndivyo majina kama Benatar, Alhadeff na Hasson yalivyojulikana katika biashara ya Katanga. Karibu na mwaka 1930 walijenga sinagogi ambalo bado limesimama Lubumbashi. Mwaka 1937 akafika kijana mmoja wa Rhodes, Rabi Moïse Levy, akawachunga Wayahudi wa Kongo hadi mwaka 1991. Tena, wale wanaopenda mpira na TP Mazembe wamjue pia Nissim Soriano, Myahudi wa Rhodes aliyekuja kufanya biashara ya samaki upande wa Ziwa Mweru. Huyo ndiye baba wa Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga kutoka 2007 hadi 2015. Sisemi habari za siasa hapa. Ninaonyesha tu kwamba watu hawa si wageni katika historia yetu.

Mwaka 1938 serikali ya Waitalia ilitoa sheria za kuwabagua Wayahudi. Wengine wakauza walichokuwa nacho wakaondoka, wengine walibaki. Aliyebaki alikuwa na sababu zake: mama mzee, duka, mtoto mchanga, au matumaini kwamba mambo yatapoa. Mwezi wa 9 mwaka 1943 Wajerumani wakachukua kisiwa. Mwezi wa 7 mwaka 1944 wakawaita kwanza wanaume wa Kiyahudi, kisha wanawake na watoto, waje na vitu vyao vya thamani. Walipofika walinyang'anywa vyote. Tarehe 23 mwezi wa 7 wakapakiwa katika mashua za mizigo hadi Ugiriki, na kutoka huko wakafungiwa katika mabehewa ya treni hadi Auschwitz, nchini Poland. Walifika tarehe 16 mwezi wa 8. Walikuwa zaidi ya 1,600 kutoka Rhodes peke yake, na wengi wao waliuawa siku ile ile ya kufika. Waliorudi kutoka kambini walikuwa kama 150.

Sasa fikiri, mpendwa. Ndugu wawili wa tumbo moja, walioomba katika sinagogi moja, waliosoma Zaburi ile ile ya 91. Mmoja alipanda meli mwaka 1930 kuja kuuza vitambaa Katanga; huyo akazeeka na wajukuu wake. Mwingine alibaki kumtunza mama. Huyo akafa na mama yake Auschwitz. Nani alikuwa mwenye haki? Aliyekuja Kongo hakuja kwa ufunuo. Alikuja kutafuta mkate. Na aliyebaki alikuwa akitimiza amri ya tano, ile ya kumheshimu baba na mama. Ukitaka kupima haki ya mtu kwa kuangalia nani alipona, hapa mizani yako inavunjika.

Ngazi iliyovunjika

Walimu wa Kiyahudi walilijua jambo hili kabla ya Rhodes. Katika Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho yao, kuna habari ya mtoto mmoja. Baba yake alimwambia apande juu amletee makinda ya ndege. Mtoto akapanda. Akamwachia ndege mama aende zake, kisha akachukua makinda, kama sheria inavyosema. Angalieni vizuri: katika Torati kuna amri mbili zenye ahadi ya maisha marefu. Moja ni kuwaheshimu wazazi, katika Kutoka 20.12. Nyingine ni kumwachia ndege mama, katika Kumbukumbu la Torati 22.7. Mtoto huyu alizitimiza zote mbili saa ile ile. Akiwa anashuka, akaanguka, akafa.

Wanasema kwamba mwalimu mmoja mkubwa, Elisha mwana wa Abuya, aliona jambo kama hilo na imani yake ikaanguka pamoja na mtoto. Akaiacha njia ya mababu. Lakini Rabi Yakobo, mwana wa binti yake, alitazama jambo hilo hilo akafundisha tofauti: siku ndefu zilizoahidiwa ni za ulimwengu ujao, na hapa duniani mtu asitazamie kulipwa mshahara wote. Babu na mjukuu waliona kifo cha namna moja. Mmoja alisema hakuna Hakimu. Mwingine akasema Hakimu hajamaliza hukumu.

Wale walimu hawakuishia hapo. Waliuliza swali la mtu mwenye akili: si tumefundishwa kwamba anayetumwa kufanya kazi ya Mungu hapatwi na madhara? Ikawaje? Jibu lao lilikuwa fupi: ngazi ilikuwa mbovu. Mahali ambapo hatari iko wazi mbele ya macho, mtu asitegemee muujiza. Tutarudi kwenye ngazi hii, kwa maana hapa Kalima tunazo ngazi mbovu nyingi.

Mwalimu aliyempoteza ndugu baharini

Karne nyingi baadaye alitokea mwalimu ambaye Wayahudi wanamhesabu kati ya wakubwa wao wote: Musa mwana wa Maimoni, ambaye watu wa Ulaya wanamwita Maimonides. Alizaliwa Cordoba, Hispania, na alikufa Misri mwaka 1204. Familia yake ilikimbia mateso, wakahama mji kwa mji mpaka wakafika Misri. Huko yeye alikaa na vitabu, na mdogo wake Daudi akawa anafanya biashara ya vito ili kulisha nyumba nzima. Daudi akasafiri kwenda India, akazama katika Bahari ya Hindi, bahari ile ile inayopiga Mombasa na Zanzibar. Alizama na mali yake na mali za watu wengine, akaacha mjane na mtoto mdogo wa kike. Maimonides aliandika baadaye katika barua kwamba alilala kitandani mgonjwa karibu mwaka mzima, na kwamba hata baada ya miaka minane alikuwa bado anaomboleza. Kila alipoona mwandiko wa ndugu yake, moyo wake uligeuka.

Mtu huyu ndiye aliyeandika, katika kitabu chake kiitwacho Mwongozo wa Waliochanganyikiwa, mafundisho yanayojulikana sana juu ya uangalizi wa Mungu. Alihesabu maoni matano ya watu. Wengine walisema kila kitu ni bahati tu. Wengine, pamoja na Aristotle, walisema Mungu anaangalia mbingu na kulinda kila aina ya viumbe isipotee, lakini mtu mmoja mmoja hamshughulikii. Wengine katika walimu wa Kiislamu walisema hata jani haliwezi kuanguka bila Mungu kuamua jani lile lianguke saa ile. Wengine tena katika hao walisema hekima ya Mungu inafidia kila kiumbe kilichoumia, hata mnyama. Oni la tano ni la Torati, na Maimonides alilieleza hivi: hapa duniani, uangalizi wa mmoja mmoja ni kwa wanadamu, wala si kwa kila jani na kila mdudu, na kati ya wanadamu hauna kipimo kimoja. Kadiri akili na moyo wa mtu vinavyoshikamana na Mungu, ndivyo uangalizi unavyokuwa karibu naye. Anayemsahau Mungu anakuwa kama mtu anayetembea gizani.

Mfano aliotumia unashangaza. Alitaja meli inayozama na paa linalowaangukia watu waliomo ndani. Alisema upepo unaweza kuwa upepo tu, na paa ni paa. Lakini mtu kupanda meli ile au kuketi ndani ya nyumba ile si bahati. Ni kwa hukumu ya Mungu, hukumu ambayo akili zetu haziwezi kuifikia kanuni yake. Sikia mwenyewe: mtu ambaye ndugu yake alipanda meli akazama ndiye anayeandika maneno haya. Hakusema Daudi alikuwa mwenye dhambi. Hakusema Mungu alikuwa amelala. Alisema hukumu ipo, na ufunguo wake hauko mfukoni mwetu.

Hapo ndipo wengi wetu tunapoteleza. Tunakubali kwamba hakuna bahati kwa Mungu, halafu tunakimbia kumsomea marehemu hukumu yake, kama makarani waliotumwa kutoka mbinguni. Nusu ya kwanza ni imani. Nusu ya pili ni kiburi. Marafiki watatu wa Ayubu walikuwa na mafundisho mazuri juu ya haki ya Mungu. Kosa lao lilikuwa kuyatumia kama fimbo juu ya mtu aliyekuwa amekaa majivuni. Mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia wao, akawaambia waombewe na yule yule waliyemhukumu.

Mikono ya uangalizi

Turudi Rhodes, mwezi wa 7 mwaka 1944. Katika kisiwa kile kulikuwa na konsuli wa Uturuki, Selahattin Ülkümen. Hakuwa Myahudi wala Mkristo. Alikuwa Mturuki Mwislamu, na alikuwa bado kijana. Akaenda kwa mkubwa wa jeshi la Wajerumani akadai waachiliwe Wayahudi wenye uraia wa Uturuki. Tena akadai na wale waliooana nao, akisema kwamba kwa sheria ya Uturuki mke au mume wa raia naye ni raia. Baadaye ilijulikana kwamba sheria hiyo haikuwepo. Mnawakumbuka Shifra na Pua, wakunga wa Kutoka sura ya 1, jinsi walivyomjibu Farao? Kwa ujasiri huo watu zaidi ya 40 wakatolewa katika orodha ya mauti.

Wayahudi wanasema kwamba katika kitabu cha Esta jina la Mungu halimo hata mara moja, na hata hivyo Mungu yumo kila ukurasa: katika usingizi uliomtoka mfalme, katika mlango ambao Mordekai aliketi, katika moyo wa msichana yatima. Uangalizi wa Mungu una mikono, na mara nyingi mikono hiyo ni ya watu. Siku ile Rhodes ilikuwa mikono ya konsuli mmoja. Mwaka 1989 Yad Vashem, nyumba ya kumbukumbu huko Yerusalemu, ikampa Ülkümen jina wanalowapa watu wa mataifa mengine waliowaokoa Wayahudi: Mwenye Haki katika Mataifa.

Lakini msikilize na hili. Jengo la ubalozi mdogo alimofanyia kazi lilipigwa na mabomu. Mke wake, aliyekuwa mjamzito, alijeruhiwa vibaya; akazaa mtoto wa kiume, kisha akafa. Mwenye haki aliokoa nyumba za wengine, na nyumba yake ikapigwa. Nani atasimama kusema, alifanya nini? Rabi Yakobo alikwisha kutujibu: mshahara wote haulipwi hapa.

Bwana Yesu alipoulizwa

Yesu alizaliwa katika taifa hili, akakua katika mabishano haya. Walimletea habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato. Yeye mwenyewe akaongeza habari ya mnara wa Siloamu ulioangukia watu 18. Paa la Maimonides, mnara wa Siloamu, shimo la Kalima: ni jambo moja. Yesu alikataa kabisa kwamba wale 18 walikuwa waovu kuliko wengine wa Yerusalemu. Kisha akaligeuza swali kwa waliobaki hai: ninyi mtatubu lini? Kwa Bwana, kifo cha jirani si kitabu cha kusomea dhambi za jirani. Ni kengele ya kuniamsha mimi.

Somo letu la pili linatuonyesha jambo hilo kanisani. Katika Matendo 12 Herode anamwua Yakobo kwa upanga. Mistari michache baadaye, malaika anamtoa Petro gerezani. Bwana mmoja, Roho mmoja, kanisa moja. Luka hatuambii kwamba Yakobo alikuwa na imani ndogo. Waebrania 11 inasema vivyo hivyo: kwa imani wengine waliokoka makali ya upanga, na katika orodha hiyo hiyo wengine waliuawa kwa upanga. Wote walishuhudiwa vizuri.

Basi tufanye nini?

Kwanza, wewe uliyepona. Toa ushuhuda, usinyamaze, Mungu amekuhurumia. Lakini sema: Bwana amenihurumia. Usiseme: Bwana aliona kwamba mimi ninaomba kuliko wengine. Sami Modiano, mtoto wa Rhodes aliyezaliwa mwaka 1930, alitoka hai Auschwitz. Baba yake na dada yake walifia huko. Baadaye aliishi na kufanya kazi hapa Kongo. Kwa miaka mingi alijiuliza: kwa nini mimi? Hakupata jibu kwa kujipima na waliokufa. Alipozeeka akaanza kwenda kuwasimulia vijana wa shule yaliyotokea, na kitabu chake cha mwaka 2013 kinachukua jina lenye maana ya kwamba kwa ajili ya hilo aliishi. Aliyepona asiulize tu kwa nini alipona. Aulize amepona kwa kazi gani.

Pili, tuangalie ngazi. Shetani alimnukulia Yesu Zaburi 91 juu ya paa la hekalu, na Yesu hakuruka. Aliiamini Zaburi ile kuliko sisi sote, na hakuruka. Shimo lisilo na miti ya kushikilia udongo, katika msimu wa mvua, ni ngazi mbovu. Mashua iliyojazwa kupita kiasi juu ya Lualaba, bila jile hata moja, ni ngazi mbovu. Mama mwenye uchungu wa siku mbili anayezuiliwa katika chumba cha maombi badala ya kupelekwa hospitali, ni ngazi mbovu. Tukate miti, tupunguze mizigo, tumpeleke mama hospitali huku tukiomba njiani. Huko si kukosa imani. Ni kumtii Bwana aliyekataa kuruka.

Tatu, tuwe mikono. Hapa Maniema, katika vita vya 1996 na 1998, wengi wetu tulilindwa na watu ambao hatukuwajua, waliotuficha porini, waliotugawia mihogo yao michache. Mjane akiuliza kama Mungu anamwona, jibu la kwanza asilisikie kwa kinywa. Aone gunia la mchele mlangoni, karo ya mtoto imelipwa, wamama wa kanisa wamekuja na majembe kwenye shamba lake. Baada ya hapo tutakuwa na haki ya kumsomea Zaburi.

Ndiyo, Mungu anawaangalia wenye haki, mmoja mmoja, kwa majina. Anamwangalia aliyepanda meli na aliyebaki bandarini. Anamwangalia aliyetoka shimoni na aliyebaki chini. Kitabu cha hukumu kiko mkononi mwake, na mkono huo una alama za misumari.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote. Amina.

Maswali kwa vikundi vya nyumbani:
1. Ni maneno gani tunayoyasema katika vilio ambayo Ayubu asingependa kuyasikia?
2. Katika kijiji au kartie yetu, ngazi mbovu ni ipi, na nani ataitengeneza wiki hii?
3. Ni mjane au yatima gani katika kikundi chetu ambaye hajaona bado mkono wa Mungu kupitia mikono yetu?